Maji ya rejeta yamechafuka? Usikimbilie kufungua hedi

Ukipeleka gari kuukuu kwenye gereji nyingi za hapa Dar na kusema maji ya rejeta yamechafuka, jibu linakuwa tayari hata boneti haijafunguliwa: "Hiyo gasketi ya hedi, bosi," yaani kiziba kinachokaa kati ya bloku (mwili wa injini) na hedi (kichwa chake). Kuna siku inakuwa kweli. Lakini kwa gari za umri wa Mark II GX100, Corolla za injini ya 5A na Hiace za dizeli, uchafu unaingia kwenye maji kwa njia nyingi, na baadhi unazimaliza bila kugusa hata bolti moja ya hedi. Mimi naanza na maji yenyewe. Yakisomwa vizuri, yanasema yalikotoka.

Kwanza gari ilale usiku kucha. Mfumo wa maji unafanya kazi kwa presha: vifuniko vingi vya rejeta za Toyota vimeandikwa 0.9 au 1.1 (kilo kwa sentimita ya mraba), na kwa presha hiyo maji yanavuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko injini ikiwa ya moto, presha inaondoka ghafla na maji yanakurukia usoni yakiwa mvuke. Faida nyingine ya asubuhi ni kwamba mafuta yote yameshaelea juu na kutu imetulia chini.

Fungua rejeta yenyewe, usiridhike na tangi la akiba. Nimeona matangi yenye kulanti (dawa ya kupozea injini) nyekundu safi kabisa wakati rejeta ina tope, kwa sababu kifuniko kibovu hakirudishi maji na kuyavuta kama inavyotakiwa. Pitisha kidole ndani ya shingo ya rejeta, kagua mpira wa kifuniko, kisha vuta maji kwa bomba la sindano lenye kimpira chembamba. Yaweke kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa iliyo safi, uiache imesimama kwa saa moja hivi.

Yakiwa ya kahawia na chini pamebaki unga mwekundu, hiyo ni kutu. Bloku za injini hizi nyingi ni chuma cha kusubu, na mtu akijaza maji matupu miaka nenda rudi, chuma kinaliwa. Mji wetu una visima vingi vya maji ya chumvi, na chumvi inatafuna alumini ya hedi na wota pampu, halafu inaacha magamba meupe kwenye shingo na midomo ya mipira. Hapa hakuna gasketi iliyokufa. Safisha mfumo mpaka maji yatoke meupe, kisha weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Angalia sana dukani usipewe asidi.

Ukikuta ute mzito au vipande vinavyonata, uliza historia. Kulanti za aina tofauti zikichanganywa zinaweza kuganda, na rangi siyo kitambulisho cha kuaminika, maana kila kiwanda kina rangi yake. Uliza pia kama kuna dereva aliyewahi kuziba tundu kwa yai au bizari. Zinaziba kweli, ila zinaziba na mirija ya rejeta ambayo haikuwa na tatizo.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Juu ya chupa kuna tabaka la mafuta, au maji yote yamekuwa kama chai ya maziwa. Swali la kwanza ni mafuta gani hayo. Dondosha tone la lile tabaka la juu kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Oili ya injini iliyotumika inaacha doa jeusi au la kahawia iliyokolea. Oili ya gia boksi otomatiki, ikiwa haijachoka sana, inaacha wekundu kwenye kingo za doa.

Kwenye gari nyingi za otomatiki, oili ya gia boksi inapozwa kwa kupita kwenye kimrija kilicholala ndani ya tangi la chini la rejeta. Kimrija kikitoboka, vitu viwili ambavyo havikupaswa kukutana vinakutana. Dada mmoja wa Tabata aliniletea GX100 akiwa ameshaambiwa hedi ishuke. Nilivuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya injini: oili nyeusi isiyo na maji, kimo sawa. Nikavuta ya gia boksi, ikatoka na povu la rangi ya waridi mpaka juu kabisa ya alama. Kwenye shingo ya rejeta kulikuwa na povu lile lile. Tatizo lilikuwa rejeta. Tulibadilisha rejeta na mipira, maana mafuta huivimbisha na kuilegeza, tukasafisha mfumo wa maji, tukamwaga oili ya gia boksi na kuijaza upya mara kadhaa mpaka ikatoka nyekundu isiyo na ukungu. Gia boksi ilipona kwa sababu aliisimamisha gari mapema. Maji yakikaa humo, gundi ya klachi inaachia, na hapo unanunua gia boksi.

Kama ni oili ya injini, kumbuka jambo moja la presha. Injini ikiunguruma, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo palipo na tundu oili inasukumwa kuingia kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inaanguka papo hapo huku maji yakiwa bado ya moto na yana presha, basi maji nayo yanapata nafasi ya kuingia kwenye oili. Ukikuta oili nyingi kwenye rejeta na dipstiki ni safi, na injini yako ina oili kula (kipoza oili) inayopozwa kwa maji, kama 1HZ ya Land Cruiser, anza na hiyo oili kula kabla ya hedi.

Weupe chini ya kifuniko cha kujazia oili usikutishe peke yake. Gari ya safari fupi fupi, hasa sehemu za baridi kama Njombe au Lushoto, inafanya unyevu pale. Ukiwa na shaka, pasha moto kijiko cha bati, udondoshee tone moja la oili kutoka kwenye dipstiki. Likipasukapasuka na kurusha, kuna maji. Likitoa moshi tu, hakuna.

Gasketi ya hedi huonekana zaidi kwa gesi kuliko kwa mafuta. Jaza maji mpaka shingoni, kifuniko kikiwa wazi, washa injini ya baridi na umulike kwa tochi. Mapovu ya mwanzo ni hewa tu. Yakiendelea bila kukatika na kuongezeka ukikanyaga mafuta, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Rudia siku nyingine kifuniko kikiwa kimefungwa: mpira wa juu wa rejeta ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili wakati maji bado baridi, hiyo presha haikutokana na joto. Kwa petroli kuna kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa kwenye shingo ya rejeta, yakigeuka njano hakuna ubishi tena. Punguza maji kwanza ili kipimo kivute hewa, kisivute kulanti. Fungua na plagi. Ile iliyooshwa na kung'aa kuliko wenzake ndiyo silinda inayokunywa maji. Kwa Hiace za injini za 2L na 3L, masizi meusi ndani ya maji pamoja na dalili hizi yananifanya niwaze hedi iliyopasuka kati ya valvu, siyo gasketi peke yake. Hedi ikishushwa ipimwe presha kabla hujanunua kitu chochote.

Kipimo kimoja cha haraka ambacho mafundi wengi hawakitumii ni mita ya umeme. Weka waya mweusi kwenye nega ya betri na mwekundu uuchovye kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma. Ikisoma chini ya volti 0.1, kulanti ina uhai. Ikifika 0.3 kwenda juu, imechoka na inakula chuma. Kisha washa taa na feni, mtu apige stata: namba ikiruka, waya wa ethi (unaounga injini na bodi na nega ya betri) una hitilafu na umeme unapita kwenye maji. Rejeta mpya itatoboka tena usipoutengeneza.

Kulanti unayoitoa usiimwage uwanjani wala kuiacha kwenye beseni. Ni tamu na ni sumu, na mbuzi, mbwa au mtoto hana habari hiyo. Ifunge kwenye dumu, uliandike.