Ukienda kupimwa mwendo, mpelekee daktari mguu wako wa kila siku

Siku ya kwenda kupimwa mwendo, yaani kuangaliwa jinsi unavyotembea, usivae vile viatu vya Jumapili. Naanza na hii sababu ndo kitu naona kinaharibu vipimo vya watu wetu hapa Uganda kuliko kingine chote, mtu anaoga vizuri, anapaka mafuta, anavaa kiatu ambacho kimetoka tu kwa harusi, anaingia kwa daktari amenyoosha mgongo kama anaenda kupokea zawadi, akiulizwa unaumwa vipi anajibu "si sana musawo (daktari), kidogo tu". Ni adabu, wazazi walitulea hivyo na sisemi tuiache. Lakini anayepima mwendo anaona kile tu unachomuonyesha, na ule mwendo wa heshima sio unaokuumiza. Unaokuumiza ni ule wa jioni ukitoka soko la Owino na mzigo kichwani, ama zile hatua za kwanza asubuhi ukishuka kitandani.

Sasa, nani anapima? Daktari wa nyayo, yule anaitwa podiatristi, kazi yake ni wayo na kifundo na jinsi vinavyoshirikiana na goti, nyonga, mpaka mgongo. Kwetu hawa ni wachache sana, so ukikosa usirudi nyumbani ukakaa na maumivu. Mtu wa fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) mwenye uzoefu anaweza kukufanyia karibu vipimo vyote nitakavyotaja hapa, na mafundi wa othopedi wanaotengeneza insoli (zile soli za kuweka ndani ya kiatu) na vifaa vya miguu pia wanajua kusoma mwendo. Hospitali ya Mulago, Kampala, wapo, hospitali ya CoRSU pale Kisubi barabara ya Entebbe wapo, na hospitali za rufaa za mikoa kama Mbale, Mbarara na Gulu zina watu wa fizio. Ukiwa na mtoto uliza pia Katalemwa, kituo cha watoto wenye ulemavu, barabara ya Gayaza. Piga simu kwanza uulize kitu kimoja, "kuna mtu wa kuniangalia nikiwa natembea?" maana kuna mahali watakulaza, wapige eksirei, wakuambie mfupa mzima nenda nyumbani, na mfupa kuwa mzima haimaanishi mwendo ni mzima.

Viatu vya kubeba: vile vya kazini, sapatu za nyumbani, na raba kama unakimbia. Usivisugue, usivipeleke kwa fundi kubadilisha soli wiki hiyo. Geuza uangalie chini mwenyewe. Kisigino kuisha kidogo upande wa nje ni kawaida kwa watu wengi sababu ndipo mguu unagusa chini kwanza. Kitu kitamfanya daktari akishike kiatu akitazame sana ni kimoja kuisha kuliko mwenzake, ama upande wa ndani kuliwa mpaka kiatu kizima kinalala, ama shimo limetoboka sehemu moja tu ya mbele. Na kama kiatu ni cha mivumba, yaani cha mtumba, tafadhali mwambie! Ile soli ilianza kuliwa na mguu wa mtu mwingine huko ilikotoka, ata ndani pale juu ya insoli kuna alama ya vidole vyake, daktari asipojua atasoma mguu wa mtu ambaye hajawahi kumuona.

Nguo. Wamama na wadada nawaomba sana hapa, gomesi, lile gauni letu refu, ni nzuri lakini inafunika kila kitu anachotafuta. Anataka kuona kofia ya goti inaangalia wapi ukikanyaga, tafu linafanya kazi aje, kisigino kimesimama wima ama kimelala. Vaa kaptula au taiti ya kufika gotini ndani ya nguo yako, ukifika unavua ya juu. Kama hujisikii huru na daktari mwanaume, sema mapema wakati unapiga simu, ama nenda na dada yako mkae wote ndani. Wanaume nao, suruali ya jinzi ya kubana haikunjiki, beba kaptula.

Alafu kuna video, na hii naiamini kuliko kitu kingine cha kubeba. Siku chache kabla, mpe mtoto simu akae chini, simu iwe kwenye urefu wa goti, akupige video ukienda mbali naye na ukirudi, alafu ukipita kwa pembeni. Hatua kumi kumi zinatosha. Simu nyingi siku hizi zina ile ya kupunguza spidi, tumia hiyo kwa moja. Bora zaidi asikuambie ameanza lini, sababu mtu akijua anapigwa video anabadilisha hatua palepale. Piga ukiwa fresh asubuhi, na piga ingine jioni ukiwa umechoka ama umebeba jerikeni, kama mguu unaanza kuvutwa ama nyonga inashuka upande mmoja itaonekana hapo, na chumba cha daktari saa nne asubuhi hakiwezi kumuonyesha hicho kitu.

Ukifika atauliza maswali mengi kabla ata hajashika mguu. Usiyaone kama anapoteza muda. Onyesha maumivu kwa kidole kimoja, sio kwa kiganja kizima, "hapa chini ya kisigino, upande wa ndani" inamsaidia kuliko "mguu wote". Sema yanakuja saa ngapi: yale yanachoma hatua za kwanza asubuhi alafu yanapoa mara nyingi ni ule mkanda wa nyama ngumu unaoshika uvungu wa unyayo, lakini yale yanayozidi kadiri unavyokimbia na yako pointi moja tu juu ya mfupa wa ugoko yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa, hayo ya kuacha mazoezi mara moja mpaka uangaliwe. Vijana wa Kapchorwa na Bukwo wanaokimbia wakimfuata Cheptegei, yule bingwa wetu wa mbio ndefu, nawaambia hii kwa upendo, usifiche kwamba uliongeza kilomita juzi ama ulibadilisha raba sababu unaogopa kukatazwa kukimbia. Ukificha, atatafuta kosa kwa mguu wakati kosa liko kwa programu ya mazoezi. Na wewe wa bodaboda sema unakaa juu ya pikipiki masaa mangapi, mguu wa kushoto unapiga gia siku nzima, wa kulia uko kwa breki, na ukifika steji unaegemea mguu uleule, hayo yote anayahitaji. Taja ajali ya zamani ata kama ilipona, taja sukari, taja presha.

Baadaye utalala kitandani. Atakunja kifundo, atainua kidole kikubwa cha mguu, atazungusha nyonga, anaweza kupima urefu wa kila mguu kwa futi kamba kutoka mfupa wa mbele wa nyonga mpaka kwenye kifundo upande wa ndani. Miguu kupishana kidogo ni jambo la kawaida, usishtuke. Ukisimama atakwenda nyuma yako akae chini kabisa aangalie visigino. Atakuomba usimame mguu mmoja uinuke kwa vidole, na hapa kisigino kinatakiwa kigeuke kidogo ndani ukipanda, kama hakigeuki ama huwezi kupanda kabisa, kano (ule mshipa wa msuli, sio wa damu) inayobeba uvungu wa unyayo inaweza kuwa imechoka. Kuna ile ya ukuta pia ambayo unaweza kujaribu nyumbani, weka dole gumba kama sentimita 10 kutoka ukutani, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Ukishindwa, ama upande mmoja unaweza mwingine hauwezi, kifundo kimekaza na lazima mwendo utafute njia ya kuzunguka hapo.

Kutembea kwenyewe kunafanyika kwa korido, peku kwanza alafu na viatu. Usiangalie chini. Usihesabu hatua. Omba akupitishe mara nyingi, hatua za mwanzo ni za kujionyesha tu, ukishapita pita ukaanza kuongea naye mambo ya mvua na bei ya mafuta ndo mwendo wako wenyewe unatoka. Anachofuata ni kwamba katika kila mzunguko wa hatua mguu unakaa chini kama asilimia 60 ya muda na hewani kama 40, so akiona mguu mmoja unakimbilia kutoka chini anajua unaukwepa uzito. Mzuri anasikiliza pia: mguu unaopiga "pa" kwa sakafu kila ukishuka ni ule ambao misuli ya mbele haiwezi kuushusha pole pole. Kama wana mashine ya kukimbilia na hujawahi kuipanda sema ukweli, upewe dakika kadhaa za kuizoea kabla hajaanza kuandika.

Kuna neno litakuogopesha bure, ataweza kusema mguu wako "unalalia ndani". Kila mguu mzima unalalia ndani kidogo ukikanyaga, ndivyo unavyopokea kishindo, kisha unajikaza ili usukume mbele. Swali ni umelala sana, umechelewa kuinuka, na je hiyo ndo inaleta maumivu yako? Unyayo bapa, ule usio na uvungu, usiouma kwa mtu mzima hauhitaji kutibiwa. Mtoto mdogo kuwa na unyayo bapa ni kawaida kabisa, uvungu unajijenga anavyokua, msiingie gharama za viatu maalum. Ila mtoto aliyezaliwa na mguu umepinda kwenda ndani na chini, huyo usingoje aanze kutembea. Njia ya Ponseti ya kufunga plasta na kubadilisha kila wiki inafanya kazi vizuri sana ikianza mapema, na viatu vya chuma vya kuvaa baada ya plasta msiviache ata kama mguu unaonekana umenyooka, sababu unarudi.

Mwenye sukari, omba pia waguse nyayo zako kwa ule uzi mdogo wa plastiki wa gramu 10 ukiwa umefumba macho, na wapapase mapigo ya damu juu ya wayo. Ukiwa na kidonda, ama tafu moja limevimba lina joto na linauma ghafla, hiyo sio ya kungoja siku ya kupimwa mwendo, nenda hospitali leo.

Kabla hujatoka muulize mambo matatu na usione aibu: umeona nini, hicho ulichoona kinahusiana vipi na pale ninapoumia, na kama pesa ya insoli sina nianze na nini. La tatu watu hawaulizi kabisa, na mara nyingi jibu lipo, mazoezi ya tafu kwa ngazi ya nyumba, kubadilisha kiatu cha kazini, kupunguza mzigo kwa muda. Ukipewa insoli usiivae siku nzima mara ya kwanza, anza na saa moja ama mbili uongeze taratibu, ikichubua ama maumivu yakihamia gotini rudi irekebishwe, usiitupe chini ya kitanda. Alafu baada ya wiki kama sita mpe tena mtoto simu, mahali palepale, viatu vilevile, jioni ileile ya uchovu, na uende na video zote mbili.