Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda oti na vechi shamba moja

Anza na siku ya kukata, kisha hesabu kurudi nyuma. Kwenye nyanda za juu kama Nyandarua nchini Kenya, mchanganyiko wa oti (nafaka) na vechi (mmea wa jamii ya kunde) huwa tayari kwa lishe ya mifugo baada ya miezi 3 hadi 4. Ukipanda mwishoni mwa Machi utakata Julai, na Julai ya Kinangop, hukohuko Nyandarua, ni ukungu na manyunyu. Hei, yaani lishe ya kukaushwa juani, haikauki hata uigeuze mara ngapi. Zao hilo lipangie sileji, yaani lishe mbichi inayovundikwa bila hewa. Anayetaka hei apande Oktoba, akate jua la Januari au Februari.

Oti peke yake hujaza ghala, lakini protini yake ni haba. Vechi ina protini, ila shina lake ni legevu: ikikosa mhimili hutambaa chini na kuoza majani. Zikiwa pamoja, vechi hujishika kwenye oti kwa vikono vyake na kupanda juu, ndiyo maana uwiano wa mbegu si jambo la kukisia. Kwa ekari moja, kilo 30 za oti na kilo 10 za vechi ni mwanzo mzuri. Vechi ikizidi sana, oti huelemewa, shamba zima hulala, na sehemu kubwa ya lishe hubaki chini ya panga. Tumia mizani. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, itakudanganya, kwa kuwa oti ina maganda na ni nyepesi, ilhali vechi ni punje za mviringo zilizoshiba.

Uzito huohuo ndio unaoharibu upandaji. Ukichanganya mbegu zote kwenye gunia moja, vechi huzama chini kila gunia linapotikiswa, na mistari ya mwisho huota vechi tupu. Gawa ekari mafungu 10, kila fungu lipate kilo 3 za oti na kilo 1 ya vechi, uchanganye ndani ya ndoo papo hapo. Mistari iachane sentimita 30, mbegu zifukiwe sentimita 3 hivi.

Kabla ya kununua, muulize muuzaji kila mbegu hukomaa baada ya siku ngapi. Majina ya aina za oti kama Conway na Suregrow hayatakusaidia kitu ikiwa oti yako itakauka mabua wakati vechi ndiyo kwanza inachanua. Kisha hesabu punje 100 za kila aina, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku 10. Zikiota chini ya 80, ongeza mbegu au irudishe.

Shamba lililowahi kubeba minji (njegere) lina faida, kwani bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya minji na kuupa mmea nitrojeni huifaa vechi pia. Mahali pasipo na historia hiyo, paka mbegu za vechi chanjo ya mbegu yenye bakteria hai wa kundi la minji, kivulini, na upande siku hiyohiyo. Wiki ya sita au ya saba chimbua mche mmoja taratibu, upasue kinundu cha mzizi kwa ukucha. Chekundu ndani kinafanya kazi. Cheupe au cha kijani ni pambo tu.

Mbolea: mfuko mmoja wa DAP (mbolea ya kupandia) wa kilo 50 kwa ekari unatosha. CAN (mbolea ya kukuzia) nyingi ni kosa la kawaida, maana oti huila kwa pupa, hurefuka na kuifunika vechi.

Magugu yamalize kabla, kwa sababu baadaye hutakuwa na dawa. Ile ya ngano inayoua magugu ya majani mapana itaua vechi, na ile ya kuua nyasi itaondoka na oti. Lima, subiri wiki 2 au 3 magugu yaote, halafu yavuruge kwa haro (chombo cha kusawazisha udongo) ndipo upande.

Kata pale punje ya oti ikibinywa inapotoa maziwa na vechi ina maganda machanga. Usingoje mbegu za vechi ziwe ngumu: zina sumu kwa kuku na nguruwe, kwa hiyo masazo ya ghalani yasiwafikie.

Kwa sileji, acha majani yanyauke, kisha yakate vipande vya sentimita 2 hadi 3. Bua la oti lina tundu katikati. Vipande virefu huhifadhi hewa, na hapo ukungu huanza. Shindilia kila tabaka hadi mguu usizame.

Kwa hei, geuza asubuhi umande ukiwa bado kidogo, la sivyo majani ya vechi hupukutika na ubaki na vijiti. Kabla ya kufunga marobota, kata-kata konzi moja, itie kwenye chupa kavu ya mdomo mpana pamoja na chumvi kavu, utikise dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, anika tena.