Dagaa Watano wa Shibe: kumshughulisha paka wa ndani ukiwa kazini

Naishi Kimara, ghorofa ya tatu, kazi yangu iko Posta. Saa kumi na mbili asubuhi niko kituoni nasubiri mwendokasi, na nikirudi mapema ni saa moja usiku. Katikati hapo nyumba ni ya Shibe, paka dume wa kijivu niliyemwokota akiwa anaenea kwenye kikombe. Hatoki nje, maana chini kuna barabara na mbwa wa jirani.

Mwaka wa kwanza alinimalizia mapazia mawili na kochi. Nikamnunulia midoli, akainusa, akaenda kulala. Ilinichukua muda kuelewa kwamba paka anataka kuwinda, na ndani ya vyumba viwili hapakuwa na cha kuwindwa ila pazia langu.

Usijitie hofu na urefu wa siku. Paka mzima hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na huchangamka zaidi alfajiri na magharibi. Kazi yako ni kumchosha kabla hujatoka, na kumwachia shughuli ya ule muda anaokuwa macho.

Asubuhi usimwage chakula ukakimbia. Mimi nina mpini wa fagio la zamani, nimefunga kipande cha khanga mwishoni. Chai ikiwa jikoni, naburuza kitambaa dakika kumi: kinajificha nyuma ya mlango, kinatulia, kisha kinachomoka. Usimpelekee usoni, umeona wapi panya akimfuata paka? Mwache akikamate kweli, akiume, ndipo umwekee chakula. Ndivyo alivyoumbwa: awinde, ale, ajilambe, alale. Kwa sababu hiyo siipendi tochi ya leza. Anakimbiza kitu kisichoshikika, mwisho anabaki na hasira. Kama unayo, malizia kwa kumtupia kipande cha nyama pale mwanga ulipozimika.

Chakula cha mchana ndicho cha kufichwa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, itoboe matundu manne kwa msumari wa moto, kila tundu lipitishe punje moja ya chakula kikavu, kisha kwaruza kingo zisimchubue. Anapoisukuma, punje zinadondoka. Wiki ya kwanza fanya matundu yawe makubwa, maana akishindwa mara tatu hairudii. (Siku ya kwanza Shibe aliitazama ile chupa kama anavyonitazama mimi nikitoka kuoga.) Trei ya mayai 30 nayo inafaa: tia punje kwenye vishimo, azichokoe kwa mguu. Kisha kuna dagaa watano. Nawaosha mchanga, nawaloweka kupunguza chumvi, nawachemsha bila kiungo chochote, nawakausha, halafu kila mmoja namficha mahali pake: juu ya kabati, ndani ya boksi, nyuma ya mto. Dagaa wa kukaanga na kitunguu asiguse kabisa, kitunguu ni sumu kwa paka. Na yote haya yapunguze kwenye bakuli lake, la sivyo utafuga mto wenye miguu.

Dirishani nimemwekea stuli. Nje kuna mwembe, na kwenye mwembe kuna kunguru wanaomjua na kumdhihaki kwa makusudi, naapa. Lakini kabla hujaweka stuli, kagua grili. Nondo zangu zinampitisha paka, na wavu wa mbu unachanika kwa kucha mara moja. Fundi alinifungia wavu wa kuku kwa ndani, kwa skrubu.

Kukwarua hutamzuia, basi mpe pake. Baba yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, kwa hiyo nilicheka nilipoona dukani nguzo ya paka iliyoagizwa ng'ambo, imezungushiwa katani. Mkonge uko Tanga tangu 1893! Nunua kamba ya katani, izungushe kwenye gogo lililopigiliwa ubao mpana chini. Liwe refu kuliko paka akijinyoosha, na lisiyumbe. Likiyumba mara moja anarudi kwenye kochi.

Vitu vya kuchezea usivitoe vyote. Vitatu leo, vingine kabatini, wiki ijayo badilisha. Mpira wa tenisi ya mezani ndani ya beseni kavu unamweka muda mrefu kuliko vyote.

Uzi, sufu, riboni na ule mpini wa khanga vifungie kabla hujatoka. Nilirudi siku moja nikamkuta anatapika, uzi wa cherehani umejinasa chini ya ulimi na mwingine umeshaingia tumboni. Nilitaka kuuvuta, na ni bahati tu sikuuvuta: ukivuta, uzi unaweza kukata utumbo. Hata ukiuona unaning'inia nyuma, usiguse, mpeleke kwa daktari wa mifugo usiku huohuo. Mifuko yenye mikono nayo ikate mikono, inanasa shingoni.

Jirani wa chini alilalamika chupa inaviringika juu ya kichwa chake mchana kutwa. Nikatandika mkeka, kelele zikaisha.

Jioni mpini unatoka tena, kabla sijavua hata viatu. Kisha nahesabu dagaa. Ambaye hakupatikana namtoa kabla sisimizi hawajamfikia, na kesho yake namficha mahali rahisi zaidi.