Kabla Hujakodi Boti Mto Yonne: Mambo ya Kuzingatia

Kama unapanga kuzunguka miji ya kale ya Ufaransa kwa boti ya kukodi, soma hapa kwanza, halafu ndiyo ulipe amana. Nazungumzia mto Yonne, kutoka Auxerre mpaka Montereau unapoingia mto Seine, kwa sababu ndio niliopita na familia yangu na ndio ulionifunza.

Hati kwanza. Anayetoka Nairobi au Dar anahitaji viza ya Schengen na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Leseni ya unahodha huhitaji: anayekukodisha anakupa mafunzo mafupi na kadi ya muda. Yadai hayo mafunzo. Usikubali kuoneshwa usukani na choo tu, kisha ukakabidhiwa funguo. Piga picha kila mkwaruzo wa boti kabla hujatia sahihi.

Pili, piga hesabu ya njia. Kipande hiki cha Yonne kina kilomita 108 na malango ya maji 26, yaani vyumba vya kushushia na kupandishia boti, nitavieleza chini. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, kwenda na kurudi ni saa 27 za usukani. Ongeza dakika 20 kwa kila lango, mara 52, unapata saa nyingine 17 na ushee. Yeyote atakayekuambia mtamaliza mto wote na kurudi ndani ya wiki moja anataka mkeshe usukanini na miji muione kwa mbali. Malango nayo yana saa zake: kwa kawaida hufungwa wakati wa chakula cha mchana, na tarehe 1 Mei hayafanyi kazi. Chagua miji mitatu, ikae moyoni.

Mimi ningechagua hii. Auxerre, ambako unafunga boti chini ya kanisa kuu na kupanda kwa miguu hadi abasia, nyumba ya watawa, ya Saint-Germain. Teremka kwenye vyumba vyake vya chini ya ardhi uone michoro ya ukutani ya karne ya 9. Villeneuve-sur-Yonne, mji ulioanzishwa na mfalme Louis wa Saba mwaka 1163, na malango yake mawili makubwa ya mawe bado yamesimama kwenye ncha za barabara kuu. Na Sens, ambako kanisa kuu lake ni miongoni mwa majengo ya kwanza kabisa ya mtindo wa ujenzi uitwao Gothiki. Humo ndimo mfalme Louis wa Tisa alimofunga ndoa na Marguerite wa Provence mwaka 1234. Ukibaki na siku, fika Montereau, usimame pale mito inapokutana. Darajani hapo, Septemba 1419, mtawala wa Burgundy, Jean, aliuawa katikati ya mazungumzo ya amani.

Sasa malango ya maji, na hapa naomba utulie usome polepole.

Lango la maji ni chumba kikubwa mtoni chenye milango mbele na nyuma. Unaingia, milango inafungwa, maji yanapunguzwa mpaka yalingane na ya chini, kisha unatoka. Kwenye mifereji mingi kuta za chumba hicho zimesimama wima. Kwenye Yonne, mengi yana kuta zilizolala kama mteremko wa paa. Maji yakishuka, ukuta unakufuata chini ya boti. Usipojiweka mbali nao, ubavu unakaa juu ya mawe na boti inabaki imening'inia.

Shemeji yangu ni mzaliwa wa Tanga na amekulia majini. Tulimwachia kamba ya tezi, yaani ya nyuma ya boti, bila wasiwasi. Kwao boti ikifungwa gatini huachiwa kamba kiasi, maji yakipwa ishuke nayo. Naye aliacha kiasi, akapiga fundo. Lakini bahari huchukua saa sita kupwa. Lango lile, chini kidogo ya Joigny, lilichukua kama dakika kumi. Kamba ikakaza, fundo likajibana, halikufunguka tena. Tezi ikashikwa juu, ubavu wa kushoto ukapanda mteremko, nikasikia chuma kikisaga mawe. Mke wangu alikuwa jikoni anachemsha chai. Birika likateleza kutoka juu ya jiko likamwagika mguuni pake, kuanzia kifundo hadi vidole. Mtoto wetu wa miaka sita alikuwa ameshika reli kwa mikono miwili, hatoi sauti.

Mlinzi wa lango alisikia kelele zetu, akafunga njia za maji, kisha akayarudisha taratibu mpaka boti ikalala sawa. Ngozi ya mguu ilikuwa tayari imetoka. Tulimaliza siku hiyo hospitalini, na shemeji hakula usiku ule.

Kwa hiyo: kwenye lango lolote, kamba haifungwi. Izungushe mara moja kwenye kigingi cha juu, ncha ibaki mkononi mwa mtu mzima, aiachie kadiri maji yanavyoshuka. Mtu wa pili ashike upondo na kusukuma boti isikaribie mteremko. Yale mapira yanayoning'inizwa ubavuni ili boti isigonge ukuta hayasaidii kwenye ukuta uliolala. Palipo na gati linaloelea, kaa hapo. Kisu kikali kiwe karibu na tezi, mahali panapojulikana na wote. Jiko lizimwe kabla ya kuingia. Watoto wakae ndani au wamevaa maboya, wakiwa wameketi. Na mwambie mlinzi mapema kwamba ni mara yenu ya kwanza, hata kwa ishara za mikono. Atafungua maji polepole.

Mengine ni ya kawaida. Jumatatu maduka mengi ya miji midogo hufungwa, nunua chakula Jumamosi. Jaza tangi la maji kila upatapo bomba. Mashua ya mizigo ikija, ipishe, haiwezi kusimama ghafla. Mvua kubwa zikinyesha, uliza hali ya mto kabla ya kufungua kamba: Juni 2016 Seine ilifika zaidi ya mita 6 pale Paris, na boti hazikuruhusiwa kupita. Usiruke kutoka botini kwenda gatini, shuka. Usiweke mguu kati ya boti na ukuta. Namba ya dharura ni 112, iandike ukutani karibu na usukani. Na mtoto asivue boya kwa sababu boti imeshafungwa. Maji ya gatini ni yale yale ya katikati ya mto.