Kuendesha ulinzi shirikishi wa mtaa

Kikundi cha ulinzi wa mtaa kina kazi ya kuona, kuandika na kutoa taarifa. Kukamata si kazi yake, na hapo ndipo vikundi vingi huharibikiwa: mlinzi humkimbiza mtu gizani, watu hutoka na marungu, na asiye na hatia huuawa kabla polisi hawajafika.

Kabla ya kupanga zamu, nendeni kituo cha polisi. Ulizeni sheria inawaruhusu nini, namba ipi inapokelewa usiku, na askari gani atashughulika nanyi. Kisha gaweni mtaa katika mafungu ya kaya 10 hadi 15, kila fungu na mjumbe wake. Mjumbe ajue nani kasafiri, mzee yupi anaishi peke yake, nani hawezi kutembea. Habari hizo zitawafaa hata moto ukiwaka.

Doria iwe ya watu wawili au watatu, kamwe si mmoja, kwa saa mbili au tatu. Wabebe tochi, filimbi, simu yenye chaji na daftari, wavae koti linaloakisi mwanga. Silaha zibaki nyumbani. Kubalianeni maana ya filimbi: mlio mmoja mrefu ni kuomba msaada, mitatu mifupi ni washeni taa na mbaki ndani. Njia na saa zibadilike, kwa kuwa doria inayopita saa tano kila usiku inamfundisha mwizi aje saa sita.

Taarifa ndiyo roho ya kazi hii. "Kuna mtu simwelewi" haimsaidii askari. Andika saa, mahali, anachofanya na alikoelekea. Kama kuna gari, anza na namba zake. Mavazi yaeleze kuanzia kichwani hadi miguuni, na viatu usivisahau: koti huvuliwa na kutupwa njiani, viatu ni nadra. Eleza kitendo. Anayejaribu vitasa vya magari yaliyoegeshwa ni wa kuripotiwa. Mgeni aliyechakaa si wa kuripotiwa. Piga polisi kwanza, ndipo uandike kwenye kundi la simu, na picha za washukiwa zisisambazwe humo kabisa, maana ukikosea hutaweza kuzirudisha.

Mchango, kama upo, uwe na risiti na hesabu ibandikwe kila mwezi. Fitina ya pesa huvunja vikundi haraka kuliko wezi.

Wizi ukipungua, watu huacha kuja zamu. Msiwalazimishe. Punguzeni doria zibaki za sikukuu na mwisho wa juma, halafu nguvu iliyobaki iende kwenye taa zilizoungua, vichaka vya njiani na mageti yasiyofungika. Kwa maoni yetu, kazi hiyo huzuia wizi mwingi kuliko doria yenyewe.