Ukikuta "Basi" mwanzoni mwa sura, rudi nyuma

Kwenye usomaji wako wa Biblia wa kila siku, sura ikianza na "Basi" au "Kwa hiyo", usiendelee. Rudi usome walau mistari kumi ya sura iliyotangulia. Mwandishi hakugawa sura. Mgawanyo huo uliingizwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilikuja 1551. Kwa hiyo mara nyingi tunaanza kusoma hoja ikiwa katikati. Chukua Waebrania 12:1, lile "wingu kubwa la mashahidi". Kwa miaka nilidhani ni malaika (msinicheke). Kumbe ni watu wa sura ya 11: Abeli, Nuhu, Ibrahimu, hata Rahabu yule kahaba. Ukijua hivyo, "tupige mbio kwa saburi" inakuwa na nyuso za watu. Warumi 12:1 nayo ni hivyohivyo: "huruma zake Mungu" zimeelezwa kabla.

Mbinu hii haisaidii Mithali kuanzia sura ya 10, ambako mistari mingi inajitegemea. Kwenye masimulizi ya Injili pia, "basi" mara nyingi inasogeza hadithi tu.