Uzio wa wavu kuzunguka bustani: kona ndizo zinazokula muda

Vipimo hivi ni vya bustani ya mita 12 kwa 8, mzunguko mita 40, geti la mita 1. Adui ni kuku na mbuzi.

Vifaa. Mirunda 21: sita ya futi 8 (kona nne na geti) na 15 ya futi 7. Miti 10 ya kuegemeza, futi 6 na nusu. Wavu wa kuku wa futi 6, roli mbili za mita 30. Waya mnene mita 130, misumari ya U, waya laini wa kufungia, koleo na mtaimbo. Mirunda mibichi usinunue. Ikikauka inasinyaa na misumari inalegea.

1. Vuta kamba, weka alama kila mita 2.

2. Chimba: futi 2 nguzo za kati, futi 2 na nusu za kona na geti. Rudisha udongo kidogo kidogo, shindilia kila sentimita 15 kwa mtaimbo. Saruji kwenye nguzo ya mti siipendi: maji yanatuama shingoni na mti unaoza hapohapo. Oili chafu inapunguza mchwa, ila kando ya mchicha na sukuma wiki usiipake.

3. Kona. Nguzo ya kona inavutwa pande mbili, kwa hiyo inataka miti miwili ya kuegemeza, mmoja kwa kila upande. Kosa la kawaida ni kuiegemeza kwa nje, ukidhani unaizuia isianguke. Waya unaivuta nguzo kuelekea nguzo ya pili, basi mti unaoisukuma irudi lazima ukae upande huohuo, chini ya mstari wa waya, ukiachia wavu upite kwa nje.

Mti uguse nguzo futi 3 kutoka ardhini. Mguu wake ukae futi 5 mbali, juu ya jiwe bapa lililozikwa. Bila jiwe, mvua ya kwanza unazama na waya unalegea. Ukiusimamisha sana, hausukumi tena, unainyanyua nguzo kutoka shimoni. Utaiona imepanda vidole viwili, udongo umepasuka kuizunguka. Hapo hakuna dawa ila kufungua waya wote na kuanza upya. Chonga kitako mahali mti unapogusa nguzo, maana msumari peke yake unateleza. Nguzo za geti nazo hivyohivyo, mti mmoja mmoja.

4. Tandaza mistari mitatu ya waya mnene: juu, katikati, chini. Kaza kwenye kona tu. Nguzo za kati usipigilie misumari hadi mwisho, waya uweze kuteleza. Uipige mshazari, maana miguu yote miwili ikifuata ufa mmoja, mti unapasuka.

5. Funga wavu upande wa nje, ili mbuzi akisukuma aubane kwenye nguzo badala ya kuung'oa. Usiuvute kwa nguvu, matundu yanabanana na wavu unapungua kimo. Futi 5 zisimame, futi 1 ikunjwe kuelekea nje na kufukiwa kwa udongo. Mnyama huchimba penye mguu wa uzio, na hapo anakuta waya.

6. Geti liwe jepesi. Chini yake zika safu ya matofali, kwa sababu vifaranga hupita hapo kabla hawajajaribu kwingine.